Povu linajaa tangini na mashine ya mazulia imepoteza nguvu ya kufyonza: nianzie wapi?

Binti_Pangani

Assalaam aleikum ndugu wanajukwaa. Ninafanya kazi ya kusafisha mazulia na makochi hapa Tanga, huu ukiwa mwaka wa tatu, nikiwa na kijana mmoja wa kunisaidia na mashine moja ya kunyunyiza maji na kuyafyonza, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina mota mbili za kufyonza, pampu moja, tangi la maji safi upande wa chini na tangi la maji machafu la lita 40 juu yake, lenye mfuniko wa plastiki unaoonyesha ndani. Kwa muda wote huo sikuwahi kuifanyia matengenezo zaidi ya kubadilisha nozeli.

Wiki mbili zilizopita tulichukua kazi ya zulia la msikiti, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likifuliwa na waumini wenyewe kwa brashi na sabuni ya unga kila Ramadhani inapokaribia. Tulipofika safu ya tatu, tangi lilijaa povu hadi mfunikoni ilhali maji yenyewe yalikuwa hayajafika hata robo. Boya, lile linaloelea na kuziba njia ya kwenda kwenye mota maji yakijaa, halikufunga, na haukupita muda povu likaanza kutoka kwenye tundu la nyuma linalotolea hewa. Tukazima, tukamwaga, tukaendelea, na likajirudia vilevile. Nilimimina kikombe kizima cha siki tangini. Povu lilitulia kidogo, kisha likapanda tena.

Tangu siku hiyo nguvu ya kufyonza imepungua hata kwenye nyumba ambazo hazina povu lolote. Mazulia yaliyokuwa yakikauka jioni ya siku ileile sasa yanalala na unyevu hadi kesho yake, na mteja mmoja amelalamikia harufu. Ninasikia mlio kama wa nyoka karibu na mfuniko lakini sioni unapotokea. Tena maji ya kunyunyizia yameanza kutoka kwa kukatakata. Fundi mmoja wa mtaani ameniambia kwamba mota zimekufa na ninunue mpya, jambo ambalo kwangu ni kipato cha mwezi mzima. Naomba mnielekeze kabla sijatoa fedha hiyo: tatizo ni mota, ni povu, au ni hewa?

Fundi_Mota_Ilala

Wa aleikum salaam, dada yangu. Usinunue mota kwanza. Kwa maelezo yako naona dalili za mambo mawili yanayosaidiana kuharibu, nayo ni povu lililopita kwenye mota na hewa inayoingia mahali pasipostahili. Na mara nyingi hayo mawili yana uhusiano, kwa sababu tundu dogo linaloingiza hewa kwenye njia ya maji machafu huyapiga maji yale yenye sabuni kama mtu anayepiga mayai kwa uma, na yakifika tangini yameshakuwa povu.

Nieleze kwanza kwa nini boya lilikusaliti. Boya huinuliwa na maji kwa sababu maji ni mazito kuliko boya, lakini povu ni hewa tupu iliyozungushiwa utando mwembamba wa maji, haliwezi kuliinua. Kwa hiyo povu hupita pembeni ya boya, hushuka kwenye bomba la kufyonzea na kuingia kwenye mapangaboi ya mota. Mota za mashine hizi zina feni nyingine ndogo ya kujipoza, iliyotengwa na hewa chafu, ndiyo maana hazifi hapohapo. Hata hivyo unyevu wenye sabuni huweza kupenya sili na kufika kwenye beringi, na beringi ikishika kutu ndipo mota hufa kweli. Siku nyingine povu likitoka nyuma, zima mara moja, chomoa plagi, mwaga tangi lote, kisha iwashe mashine bila maji kwa dakika kumi ili hewa kavu ipite na kuikausha. Kuzima tu na kwenda kulala ndiko kunakoua mota.

Sasa kipimo. Hakihitaji chombo chochote zaidi ya kiganja chako na masikio yako. Mota nzima ya kufyonza, ukiiziba njia ya hewa, mlio wake hupanda na kuwa mwembamba, kwa kuwa feni isipopata hewa ya kusukuma mzigo wake hupungua na mota huzunguka kwa kasi zaidi. Watu wengi hudhani mlio huo ni wa mota kuteseka; kwetu sisi ni habari njema. Fungua mfuniko, hakikisha tangi ni tupu na kavu, washa mota moja, kisha ziba kwa kiganja mdomo wa bomba lililosimama ndani ya tangi, pale penye boya. Mlio ukipanda na kiganja kikanaswa kwa nguvu, mota hiyo ni nzima, na aliyekuambia imekufa hakuipima. Rudia kwa mota ya pili peke yake, ukiziba mdomo wa ile isiyowashwa, maana hewa inaweza kurudi kupitia humo ikakudanganya.

Baada ya hapo funga mfuniko na uzibe tundu la nje ambapo mpira wa kufyonzea unachomekwa. Kama mlio ulipanda mara ya kwanza na sasa haupandi, ubaya umo kati ya sehemu hizo mbili: mfuniko, gasketi yake (ule ukanda wa mpira unaozuia hewa ukingoni), ufa kwenye tangi, au koki ya kumwagia. Ukipanda vizuri, chomeka mpira na uzibe ncha yake ya mwisho. Ukishuka hapo, ubaya ni wa mpira au maungio yake. Mwisho kabisa chomeka fimbo ya kufyonzea unayoipitisha zuliani na ukandamize mdomo wake juu ya sakafu ya vigae iliyolowa. Kwa njia hiyo unaikata mashine vipande vipande hadi ubaya unakosa pa kujificha. Usizibe kwa zaidi ya sekunde chache kila mara, na usiguse kitu chochote ndani huku mikono imelowa.

Kuhusu huo mlio wa nyoka mfunikoni, washa kijiti cha udi, mashine ikiwa inafyonza na tundu la nje limezibwa, ukipitishe taratibu kuzunguka ukingo wa mfuniko na kwenye koki. Moshi utanyooka kwa utulivu mahali pazima, na mahali penye upenyo utavutwa ndani ghafla. Usiusogeze moto karibu na plastiki, moshi unatosha.

Kijana_wa_Magomeni

Naomba kuchangia. Mimi huwa napaka maji ya sabuni kwenye maungio kama wanavyofanya wanaoziba pancha za baiskeli, na mapovu yanaonyesha tundu lilipo. Ni rahisi kuliko udi.

Fundi_Mota_Ilala

Mdogo wangu, njia hiyo ni sahihi kwa tairi kwa sababu upepo wa tairi unasukuma kutoka ndani kwenda nje. Kwenye mashine ya kufyonza, upepo unakwenda ndani. Sabuni utakayoipaka itanyonywa na mapovu hayatatokea, kisha utahitimisha kwamba hakuna tundu. Tena utakuwa umeongeza sabuni kwenye tangi ambalo tayari linalia povu. Wazo lako linafaa endapo utaugeuza upepo: kama mpira wa kufyonzea unaweza kukaa kwenye tundu la kutolea hewa la mashine yako, uchomeke hapo, ziba ncha ya pili kwa kitambaa kizito, halafu uuzamishe kidogokidogo kwenye beseni la maji, ukihakikisha beseni liko mbali na mashine na waya. Hapo mapovu yatakuonyesha hata tundu la ukubwa wa sindano. Mimi huyapata zaidi pale mpira unapoburuzwa kwenye ncha za ngazi za zege, na kwenye ile shingo ngumu ya plastiki inayofungwa mwishoni mwa mpira, kwa kuwa hapo ndipo watu wanaposhika wanapovuta mashine nzima.

Bi_Kisauni

Mwanangu wa Pangani, mimi niko Mombasa na nimefanya kazi hii tangu mashine zilipokuwa bado chache huku kwetu. Fundi amekueleza upande wa hewa vizuri sana, nami nitazungumzia povu lenyewe, kwa sababu hata ukiziba kila tundu, zulia la msikiti lile litakujazia tangi tena usipojua povu linatoka wapi.

Povu lako halikutoka kwenye dawa ya kusafishia uliyoweka. Limetoka kwenye zulia. Waumini wanapofua kwa sabuni ya unga na kusuuza kwa ndoo, sehemu kubwa ya sabuni hubaki kwenye shina la nyuzi na kukauka. Sabuni iliyokauka hivyo hunata, ndiyo maana zulia la namna hiyo huchafuka upesi baada ya kufuliwa, na wenye zulia huongeza sabuni mwaka unaofuata wakidhani ya mwaka jana ilikuwa kidogo. Wewe ulipokuja na maji ya moto yenye msukumo, uliiamsha sabuni ya miaka mingi kwa mara moja. Ukitaka kuhakikisha, weka maji matupu kwenye tangi safi, bila dawa hata tone, fyonza hatua mbili za zulia, kisha chota maji machafu kwenye chupa ya plastiki hadi nusu, ifunge na uitikise. Povu likisimama juu ya maji kwa dakika kadhaa bila kushuka, sabuni ni ya zulia. Fanya hivyo nyumbani kwa mteja kabla ya kukubaliana bei, maana zulia la namna hiyo ni kazi mbili au tatu, si moja.

Maji nayo yana sehemu yake. Sote wa pwani tunajua kwamba maji ya kisima cha chumvi hayakubali sabuni upesi, na maji ya mvua hukubali hata kwa sabuni kidogo. Ndivyo itakavyokuwa ndani ya tangi lako: kipimo cha dawa kilichokutosha kwa maji ya kisima kitakuwa kingi mno siku utakayopewa maji ya mvua. Punguza kipimo unapobadilisha maji.

Siki yako haikufanya kazi kwa sababu ya aina ya sabuni. Sabuni ya mche, inayotengenezwa kwa mafuta na magadi makali, ikikutana na asidi huvunjika na kurudi kuwa mafuta, na povu lake hufa kweli. Sabuni ya unga ya viwandani ina viini vya aina nyingine ambavyo siki haivivunji. Kuna wanaotumia kilainisha nguo, na ni kweli kwamba hukata povu la sabuni ya unga, lakini kikirudi kwenye zulia huacha utando unaovuta vumbi, mimi nilikiacha. Kilicho sahihi ni kizuia povu chenye silikoni kinachouzwa kwa ajili ya mashine hizi. Kiweke kwenye tangi la maji machafu kabla ya kuanza, au ufyonze kiasi kidogo kupitia fimbo ili kiulainishe na mpira wenyewe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usikiweke kamwe kwenye tangi la maji safi. Nimeona watu wakifanya hivyo na kulipaka zulia zima silikoni, ambayo kuiondoa ni taabu kuliko povu lenyewe.

Lakini kizuia povu hakiondoi sabuni zuliani, kinakulindia mota tu. Zulia linaponywa kwa kusuuzwa. Pita kwa maji ya moto matupu mara ya kwanza, na mara ya pili weka asidi kidogo ya ndimu au siki nyeupe katika maji safi, kwa sababu sabuni ya unga ina magadi yanayoacha nyuzi zikiwa ngumu, na kama zulia ni la sufu magadi hayo huila kabisa. Kwa sufu tumia maji ya uvuguvugu badala ya moto, na jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana kama rangi haitoki. Fyonza polepole bila kunyunyiza, mara mbili kwa kila mara moja ya kunyunyiza. Na mwaga tangi likifika nusu, usingoje lijae.

Mtu_wa_Umeme_Arusha

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Binti_Pangani, msikitini ulichukua umeme kutoka wapi, na kwa waya wa urefu gani? Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba takriban wati 3,000, na mashine yenye mota mbili, pampu na hita inaweza kufika hapo au kupita. Ukiongeza ekstensheni nyembamba ya mita 30, volti zinazofika kwenye mota hupungua, mota huzunguka taratibu, na mfyonzo hushuka bila tundu lolote popote. Mimi nilihangaika na gasketi kwa siku mbili kabla sijapima na kukuta volti 188 mwisho wa waya. Tumia waya mnene wenye ethi, uutandaze wote badala ya kuuacha umejiviringisha, kwa kuwa ulioviringishwa hupata joto hadi kuyeyuka. Katika kazi inayochanganya maji na umeme, sipendi kuona mtu akifanya kazi bila swichi ya kinga inayokata mara umeme unapovuja kwenda ardhini.

Binti_Pangani

Shikamoo Bi, na ahsanteni sana nyote. Nimefanya vipimo jana na leo asubuhi, na nimeona ni haki niwaletee majibu.

Mota ya kwanza ilinasa kiganja kwa nguvu na mlio ukapanda. Mota ya pili ilipanda pia, ila ina sauti ya kukwaruza inapozima. Nilipofunga mfuniko na kuziba tundu la nje, mlio haukupanda hata kidogo. Udi ulinionyesha sehemu mbili: upande wa kulia wa mfuniko, ambapo gasketi imebonyea na kuwa ngumu kama ukanda wa kiatu cha zamani, na koki ya kumwagia, ambayo nilipoifungua nikakuta nywele na nyuzi za zulia zimebanwa kwenye sili yake. Mpira nao ulikuwa na ufa chini ya shingo ya plastiki, ambao usingeuona bila kuukunja. Ule mlio wa nyoka ulikuwa unatoka kwenye gasketi.

Chupa ya Bi Kisauni niliijaribu kwa kipande cha zulia la msikiti wanachokitumia mlangoni, na povu lilisimama hadi nikachoka kuliangalia. Waya wangu ni mwembamba pia, nitaubadilisha.

Nimesafisha koki na nimeukata mpira sentimita kumi kuondoa ufa, kisha nikairudisha shingo kwa gundi. Naomba msaada kwa matatu yaliyobaki: gasketi ya mfano huu siipati hapa Tanga, pampu bado inakatakata, na sauti ile ya kukwaruza inanitia wasiwasi.

Fundi_Mota_Ilala

Hongera, dada. Umefanya kazi ambayo mafundi wengi huikwepa.

Gasketi si lazima iwe ya kiwandani. Tafuta mpira laini wa mlango wa gari au wa friji, wenye uvungu ndani, unaouzwa kwa mita. Pima unene wa ile ya zamani mahali ambapo haijabonyea, ukiweza kupata unaozidi kidogo ni bora, kwa sababu mfuniko unatakiwa kuukandamiza. Safisha mfereji hadi uwe mkavu, maungio ya ncha mbili yakae upande wa nyuma na yakatwe kwa mshazari ili yalaliane. Paka grisi ya silikoni kidogo. Usipake mafuta ya mgando ya kujipaka, kwani yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini na yanalainisha baadhi ya mpira hadi uvimbe.

Pampu inayokatakata nayo inanyonya hewa, ila kwa upande wake. Angalia chujio lililo ndani ya tangi la maji safi na oringi (pete ndogo ya mpira ya kuzuia upenyo) ya mahali linapofungwa; ikiwa imekauka au haipo, pampu hunyonya hewa badala ya maji. Angalia pia jinsi unavyochanganya dawa. Ukitangulia kuweka dawa na kuifungulia bomba juu yake, unatengeneza povu ndani ya tangi safi, na pampu haiwezi kusukuma povu. Jaza maji kwanza, kisha mimina dawa juu na ukoroge taratibu kwa kijiti. Hewa ikishaingia kwenye pampu, chomoa mpira mwembamba wa kunyunyizia, weka mdomo wa mpira wa kufyonzea kwenye tundu lake la kutokea na uache mfyonzo uyavute maji hadi yafike. Kwa mashine nyingi hilo linahitaji kuibonyeza vali ya kiungio iwe wazi.

Kuhusu sauti ya kukwaruza, hiyo ni beringi iliyoguswa na povu la msikitini. Mota haijafa, lakini ukiisubiri itakufa, kwa sababu beringi ikilegea ekseli huyumba na kuzila kaboni, vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme. Mpelekee fundi wa mota aitoe beringi zote mbili, ya juu na ya chini, kisha usome namba iliyochorwa ubavuni mwa kila beringi na uinunue kwa namba hiyo, iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili badala ya yenye vifuniko vya bati. Wakati mota iko wazi, mwambie apime urefu wa kaboni na akueleze zimebaki kiasi gani. Hadi hapo fanya kazi kwa mota moja, ukiwa umeuziba mdomo wa ile nyingine kwa kizibo cha mpira.

Binti_Pangani

Nimeelewa, fundi. Chujio nimelitazama sasa hivi: oringi haipo kabisa, na nadhani ilitoka siku nilipoosha tangi. Beringi nitazipeleka Jumatatu, na msikitini tumekubaliana na mwenyekiti wa kamati turudi baada ya mota kutengenezwa, tusuuze kwa maji matupu safu kwa safu, nao wasiweke tena sabuni ya unga.